Zamu ya Eliezeri

Tangu baba yake azikwe, Careen ndiye aliyekuwa akifika kazini wa kwanza, na si kwa sababu ya bidii. Alitaka kuiwasha ile kompyuta kubwa ya chumba cha mitambo kabla mtu mwingine hajaingia, aandike jina la baba yake na neno lake la siri, kisha asubiri kioo kimjibu: Karibu, Eliezeri. Akishayasoma maneno hayo alikaa kidogo, mikono mapajani, kama mtu aliyebisha hodi akaitikiwa. Hapo ndipo alipofungua dirisha, akachemsha maji ya chai, na siku ikaanza.

Hospitali yenyewe ni ndogo, ya misheni, imekaa begani mwa mlima pale Mkwazeni, juu ya Vudee, mahali ambapo ukungu wa asubuhi huingia wodini bila kupitia mapokezi. Eliezeri ndiye aliyevuta nyaya zake zote. Alianza akiwa fundi umeme wa kubadilisha taa, kompyuta zilipoletwa akazisomea, na mpaka anaugua hapakuwa na tundu la ukuta asilolijua. Careen alipomaliza kidato cha nne alimchukua awe msaidizi wake, na siku ya kwanza hakumpeleka hospitali. Alimpeleka kwenye ndiva, lile bwawa la kijiji ambalo hujaa maji usiku na kufunguliwa alfajiri ili kila shamba linywe kwa zamu.

"Maji hayamjui mtu kwa jina," alimwambia. "Yanajua mfereji tu. Lakini wewe ukija hapa husemi, nifungulie mfereji unaopita chini ya jiwe ukakata kushoto. Unasema, nifungulie zamu ya Mama Honorata. Mgawa maji ndiye anayejua Mama Honorata ni mfereji upi."

Kwenye mtandao wa hospitali mambo ni hayohayo, alimweleza wakiwa wamekaa ukingoni, miguu ikining'inia. Kila kompyuta ina anwani yake ya namba, na hizo namba ndiyo mifereji. Binadamu hakariri namba, kwa hiyo kila kompyuta imepewa na jina: mapokezi, maabara, dawa, wazazi. Katikati yupo mgawa maji, yaani seva. Mapokezi wakiita "maabara", seva inajibu kwa namba, na karatasi ya mgonjwa inafika inakotakiwa. Na seva hiyohiyo ndiyo inayowajua wafanyakazi wote: nani ni nani, na nani anaruhusiwa kufungua mfereji gani.

"Kwa hiyo ukihamisha kompyuta ya maabara?" Careen aliuliza.

"Namba inabadilika, jina linabaki. Unakwenda kumwambia mgawa maji tu. Usipomwambia, atapeleka maji kwenye shamba lisilo na mtu."

Kosa la Eliezeri, kama tutaliita kosa, lilikuwa la wanaume wa rika lake pale mlimani. Nyumba zao zilikuwa na jina moja. Shamba la tangawizi, mita ya umeme, zamu ya ndiva, hata laini za simu za mkewe na binti yake, vyote vilisajiliwa Eliezeri. Alipojenga mtandao wa hospitali alifanya kama alivyofanya nyumbani. Kazi zote ambazo mitambo huzifanya yenyewe bila mtu kukaa mbele yake, kama kupeleka majibu ya maabara kwenye dirisha la dawa na kuzipa majina kompyuta mpya, alizifanyisha kwa akaunti yake mwenyewe. Seva ilipouliza nani anaomba kupita, jibu lilikuwa Eliezeri.

Careen aliwahi kumuuliza kwa nini.

"Kitu kikiwa na jina la mtu," alisema, "kuna wa kuulizwa."

Sasa wa kuulizwa alikuwa amelala nyuma ya nyumba yake, kando ya migomba, na mitambo ilikuwa bado ikipita mlangoni kwa jina lake usiku na mchana.

Jumatatu moja alipanda Vitus kutoka Same, fundi wa kufunga mfumo mpya ambao ungeiunganisha hospitali na zahanati za kule chini. Kijana mwembamba, mcheshi, asiyeweza kufanya kazi mdomo umefungwa. Alikaa mbele ya seva, akatazama nani aliingia lini, akapiga mluzi.

"Dada Careen, hivi huyu Eliezeri mnamlipa kiasi gani? Yuko kazini saa zote. Jumapili yupo, Krismasi yupo. Huyu halali?"

"Ni baba yangu," Careen alisema. "Amefariki."

Vitus alivua kofia.

"Nisamehe, dada. Pole sana. Nimetania kijinga."

"Usingeweza kujua."

Vitus akazungumza taratibu, akiwa bado ameishika kofia. Mganga mfawidhi alikuwa ameagiza kwamba kabla mfumo mpya haujawashwa Ijumaa, akaunti za watu ambao hawapo tena zifungwe zote. Hapo hapakuwa na mjadala. Lakini ya mzee huyu ikifungwa hivihivi, asubuhi yake maabara haitaiona dawa, na mapokezi hawatamwona mtu yeyote. Lazima kwanza kila kazi iliyo chini ya jina lake itolewe, ipewe jina jingine. Na mtu wa pekee aliyejua zilipo zote ni Careen.

"Nitaanza kesho," Careen alisema.

Kesho yake hakuanza. Alisema swichi ya mtandao ya wodi ya wazazi inasumbua, akaenda kuihangaikia swichi ambayo haikuwa na tatizo lolote. Vitus alimwona, akaendelea na kazi yake.

Jioni ile alimkuta mama yake, Dorkas, jikoni, anakoroga makande. Alimsalimia, akavuta kigoda. Mama hakugeuka.

"Leo nilikwenda kwenye kikao cha ndiva," alisema. "Nimewaambia ile zamu yetu waibadilishe jina. Kuanzia sasa wataita Dorkas."

Careen alihisi kama kuna mtu amezima taa.

"Mama! Hata mwaka haujaisha!"

"Haujaisha."

"Nani alikulazimisha? Elinaza?" Elinaza ndiye mgawa maji, mzee mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya bonde.

"Sijalazimishwa na mtu."

"Sasa kwa nini unamfuta?"

Dorkas alipakua makande, akaweka bakuli mbele ya binti yake, akakaa.

"Kula, mama. Yatapoa."

Careen alikula kwa sababu alitakiwa kula. Moyoni alijisemea kwamba nyumbani ameshindwa, lakini pale hospitali, mpaka wamtoe kwa nguvu, jina lile halitaguswa.

Jumatano ni siku ya kliniki, na watu huanza kupanda mlima kabla jua halijachomoza. Wanatoka Vudee, wanatoka Makanya, wengine mbali zaidi kwenye mbuga za wafugaji. Mabenchi yalikuwa yamejaa wakati Zaituni wa dirisha la dawa alipotoa kichwa nje.

"Jamani maabara! Mbona hamleti majibu? Mimi hapa naangalia kioo kama televisheni iliyozimwa!"

"Sisi tumeshatuma!" walijibu maabara.

"Mmetuma wapi, Dodoma?"

Kule mapokezi alikuwepo Devotha, binti aliyeajiriwa baada ya msiba. Alisoma kilichoandikwa kwenye kioo chake, akawatangazia watu wote waliokaa.

"Eliezeri haruhusiwi. Ndivyo inavyosema. Haya, wapendwa, tuvumilie kidogo, Eliezeri amegoma leo."

Watu walicheka, wale wasiojua. Wenyeji wa Mkwazeni hawakucheka, waliinamisha macho. Mfumo mpya ulikuwa bado haujawashwa, lakini masharti yake yalikuwa yamewekwa asubuhi hiyohiyo, na moja lilikuwa kwamba neno la siri la zamani lazima libadilishwe. Neno la Eliezeri lilikuwa la zamani kuliko sharti lenyewe. Kwa hiyo mtambo ulikuwa umesimama, unamsubiri mwenyewe aje alibadilishe.

Careen alitoka chumba cha mitambo akikimbia. Kwenye korido alisimamishwa na mama mmoja mfugaji, shuka jekundu begani, mtoto amemlalia kifuani, macho ya mtoto yamelegea kwa homa. Baadaye alikuja kujua kwamba anaitwa Naserian.

"Mama, wewe ni wa hapa?"

"Ndiyo."

"Huyo Eliezeri wanayemsema. Unamjua?"

"Namjua."

"Ni mtu gani huyo? Mimi nimetoka nyumbani ng'ombe bado wako bomani. Mtoto ameshatobolewa kidole, damu wamechukua, dawa naiona pale dirishani kwa macho yangu. Lakini wanasema Eliezeri hataki." Aliongea bila ukali, na hilo ndilo lililomwuma Careen zaidi. "Mwambie mtoto ana homa. Kama nimemkosea, aniambie."

Careen alimtazama yule mtoto.

"Nitamwambia," alisema.

Chumbani Vitus alikuwa ameshaona tatizo lilipo. Alimtazama Careen bila utani.

"Naweza kuisamehe akaunti yake lile sharti. Mpaka Ijumaa tu."

"Isamehe."

Alibonyeza mara chache. Kutoka kule nje ilisikika sauti ya Zaituni, "Eeeh! Hayo sasa!" na printa ya maabara ikaanza kulia kama kuku aliyetaga. Naserian alipopita na dawa yake alisimama mlangoni, akachungulia ndani, akaona kijana mmoja na binti mmoja na mashine zenye vitaa.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia, mama. Anasema pole."

"Mwambie asante," Naserian alisema, akaenda zake akiteremka na mwanawe.

Careen alikaa kwenye kiti cha baba yake. Kwa miaka yote aliyofanya naye kazi hakuwahi kusikia mgonjwa akimlalamikia Eliezeri. Alikuwa mtu wa kuacha chakula mezani akisikia wodi haina taa. Na leo mama wa watu, aliyetembea na mtoto mgonjwa, ameondoka mlimani akiamini kwamba kuna mtu mwenye roho mbaya anaitwa Eliezeri, anayezuia dawa.

Alitoka mapema siku hiyo. Mama yake alikuwa shambani, gauni amelikunja magotini, anaziba mfereji kwa jembe ili maji yageukie tangawizi. Careen alivua viatu, akaingia matopeni, akashika jembe la pili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umewahi?"

"Mama, niambie. Kwa nini ulikwenda kwenye kikao?"

Dorkas aliendelea kuziba. Maji yalisita, yakajaa kidogo, yakageuka.

"Wiki ile uliyokuwa na mafua," alisema, "nilichelewa kuja kupokea maji. Nilipitiwa na usingizi. Siku hizi usingizi hauji, na ukija hauondoki. Nikafika hapo juu natweta, nikamkuta Elinaza amesimama juu ya ukuta wa ndiva anaita kwa ile sauti yake. Eliezeri kachelewa! Maji ya Eliezeri yanapotea! Wapeni wengine, Eliezeri hana habari!"

Alifuta jasho kwa mkono wenye tope.

"Wala hakuwa na ubaya. Alikuwa anaita zamu, kama anavyoita siku zote. Lakini baba yako, Careen, tangu nimeolewa hapa, hajawahi kuchelewa maji. Hata siku uliyozaliwa wewe alipokea maji kwanza, ndiyo akaja kukutazama. Nilimsema kwa hilo mpaka nikachoka." Alicheka kidogo, macho yakiwa yameloa. "Sasa mimi nalala, halafu anaitwa yeye mvivu mbele ya kijiji kizima. Na hawezi kujibu. Nikasema hapana. Nikichelewa, waite Dorkas kachelewa. Mimi nipo, nitajibu."

Careen alisimama na jembe lake. Maji yalipita baridi juu ya nyayo zake yakaingia kwenye tangawizi. Alitaka kumwambia mama yake habari ya yule mwanamke na mtoto wake, lakini akaweka tu kichwa begani mwake, na mama akamshika kwa mkono wake wenye tope, akamchafua shavu.

"Ulidhani namfuta," Dorkas alisema.

"Ndiyo."

"Mjinga wewe. Nitamfutaje?"

Alhamisi Careen alifika wa kwanza kama kawaida, akaingia kwa jina la baba yake, akasoma yale maneno, na safari hii hakukaa. Vitus alimkuta ameshaanza. Walifungua akaunti mpya ya kazi, isiyo ya mtu, ambayo haiugui wala haisafiri. Halafu wakapita kazi moja baada ya nyingine, wakiitoa chini ya jina la Eliezeri na kuiweka chini ya ile mpya. Ya kupeleka majibu ya damu. Ya kuzipa majina kompyuta. Nyingine Careen alizikuta akiwa amezisahau, na kila alipofungua moja aliona namna baba yake alivyofikiri. Kwenye ile ya wodi ya wazazi Eliezeri alikuwa ameipangia isifanye kazi nzito alfajiri, kwa sababu mashine ilipozidiwa ilitoa mlio, na watoto wachanga walikuwa wakiamka.

"Alikuwa mtu wa namna gani?" Vitus aliuliza.

"Msumbufu," Careen alisema. "Anakagua kazi yako mara tatu, halafu anasema 'si mbaya'. Ukisikia 'si mbaya', ujue umefaulu."

"Bosi wangu wa Same yuko hivyohivyo, ila yeye hafiki kwenye 'si mbaya'."

Careen alicheka. Hata yeye alijishangaa.

Ilibaki nafasi moja ya kujaza kwenye ile akaunti mpya. Mtambo uliuliza nani anawajibika nayo.

"Wengi wanaiacha wazi," Vitus alisema. "Si lazima."

"Hapana. Lazima awepo wa kuulizwa." Akaandika jina lake.

Ijumaa kabla ya chakula cha mchana walijaribu kila kitu. Zaituni alipata majibu yake, mapokezi wakawaona maabara. Vitus aliinuka kwenye kiti, akasogea pembeni, akatazama dirishani kama mtu aliyevutiwa ghafla na milima. Careen alisogeza mshale juu ya akaunti ya baba yake. Mtambo ulimuuliza kama ana uhakika. Alikaa kidogo na swali hilo. Alilijibu ndiyo, na jina likafifia, likawa la kijivu, halafu likaondoka pale lilipokuwa.

Hakulia, ingawa alikuwa amejiandaa na leso. Aliandika jina la baba yake kwenye sehemu ya kutafutia watu, ahakikishe halipo. Mtambo ulifikiri, ukaleta mtu mmoja.

"Yupo bado mmoja," Vitus alisema, akiwa amerudi nyuma ya kiti. Akainama asome. "Careen Eliezeri. Huyu naye tumfunge?"

"Jaribu uone."

"Naogopa. Macho yako tu yanatosha."

Vitus aliagwa jioni ile kwa mfuko wa tangawizi, akateremka mjini. Jumamosi na Jumapili mitambo ilifanya kazi yake bila mtu, na bila Eliezeri. Dorkas alipokea maji kwa zamu yake, akawahi.

Jumatatu mabenchi yalikuwa yamejaa tena wakati printa ya maabara, iliyokuwa haijatumika tangu wajaribu Ijumaa, iliponyamaza. Karatasi hazikutoka. Wataalamu wawili wa maabara waliipiga mgongoni, wakazima na kuwasha, wakatazamana. Zaituni alitoa kichwa dirishani, akafungua mdomo, akaufunga. Devotha alisoma kioo chake, akageuka kushoto na kulia. Kwa mara ya kwanza hapakuwa na jina la kuwatangazia watu.

"Sasa leo ni nani?" aliuliza.

Careen alikuwa ameshafika kwenye korido, waya mkononi.

"Ni mimi," alisema kwa sauti ya kutosha, ili wote waliokaa wasikie. "Printa hii nilisahau kuitoa kwenye akaunti ya zamani wiki iliyopita. Mtambo haujui iko wapi. Kosa ni langu, nipeni muda mfupi."

Mabenchi yalinung'unika kidogo, jinsi mabenchi ya hospitali yanavyonung'unika. Mzee mmoja mwenye fimbo, aliyekaa karibu na mlango wa maabara akisubiri majibu yake, alimtazama kutoka kichwani mpaka miguuni.

"Wewe ndiye mwenye mitambo hii?"

"Ndiyo, shikamoo."

"Marahaba. Basi fanya upesi, binti yangu. Mimi natoka mbali."

"Ndiyo, baba," Careen alisema, akapiga magoti, akaingia chini ya meza.